Korido ya chombo cha anga ndani ya godauni: tuijengeje isionekane mbao na makaratasi?

Kibatari

Salaam wakuu. Tunaandaa filamu fupi ya dakika 15, yote inatokea ndani ya chombo cha anga cha mizigo. Tumeamua kujenga seti ya kushikika, mwigizaji aguse ukuta, aegemee bomba, afungue mlango. Kitambaa cha kijani (cha kubandikia mandhari baadaye kwa kompyuta) hatukitaki.

Tulichonacho: godauni hapa Dar, urefu mita 14, upana mita 9, kenchi ziko mita 4.5 juu, paa la bati tupu, umeme wa fezi moja. Maseremala wawili, mchomeleaji mmoja, wiki nne. Tunahitaji korido ya mita 7 hivi, mlango wa kuteleza unaofunguka katikati, na chumba cha rubani cha viti viwili. Kamera ni ya Super 35 (saizi ya kihisi cha picha ndani ya kamera), lenzi kuu mm 25.

Naomba msaada kwenye haya: vipimo na mbao za kununua, taa za ukutani zisizoleta michirizi kwenye picha, na namna ya kufanya plaiwudi ionekane chuma. Jaribio letu la kwanza la ukuta mmoja lilitoka kama kabati la jikoni lililopakwa silva.

---

Randa na Patasi

Mkuu, kabla ya kununua ubao hata mmoja, weka kamera godauni na upime kwa tepu. Kwa mm 25 kwenye Super 35, ukitaka kuona urefu wote wa mita 2.2 kutoka sakafu hadi dari, kamera inarudi nyuma karibu mita 4. Korido ya mita 7.3 ukijumlisha mita 4 ni 11.3. Godauni lako la mita 14 linatosha, ila korido lazima ilale kwa urefu wa jengo, na mdomo wake uelekee upande wenye nafasi. Kwa upana, iweke mita 2 kutoka ukuta mmoja (hapo zitapita nyaya na mafundi), ubakiwe na mita 5 upande wa pili kwa kamera na taa.

Sasa umbo. Korido ya pembe mraba ndiyo inayozaa kabati la jikoni. Tumia pembe sita: sakafu sentimita 120, kuta zinainama kwenda nje mpaka upana wa sentimita 180 kwenye kimo cha sentimita 110, halafu zinarudi ndani mpaka dari ya sentimita 120 kwenye kimo cha 220. Kila uso wa ukuta unatoka na kimo cha sentimita 114, na plaiwudi inauzwa sentimita 122 kwa 244. Yaani shiti moja inafunika uso mmoja mzima, unapunguza ukanda wa sentimita 8 tu, na huo ukanda utautumia kwenye kingo. Ukuta unainama nyuzi 15 kutoka wima. Mpe seremala kiolezo cha pembe kilichokatwa kwenye ubao, usimwachie akadirie kila fremu upya.

Gawa korido kwenye pingili tatu za sentimita 244. Kila pingili ina mataruma matatu, mawili mwishoni na moja katikati, kama ya jahazi ila haya yanazunguka mpaka juu. Hesabu yake:

- Plaiwudi ya mm 6: shiti 15 (12 za kuta, 3 za dari)
- Plaiwudi ya mm 18: shiti 3 za sakafu
- Plaiwudi ya mm 12: shiti 2 za kukata pembetatu za sentimita 30 za kubana kona, jumla 108
- Mbao za inchi 2 kwa 3: mita 120, yaani vipande 33 vya futi 12. Agiza 38, maana vitakuja vilivyopinda
- Bolti za mm 10 na washa pana: 72

Usichomelee wala kugundisha pingili ikawa kitu kimoja. Kila pingili iwe na vipande vinne vinavyofunguka: sakafu, ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, dari. Kona ya kiunoni, pale ukuta unapovunja, ndiyo unaigundisha moja kwa moja. Kona za sakafuni na darini funga kwa bolti mbili kila moja. Hapo ukitaka kupiga picha kutoka ubavuni, unafungua ukuta mmoja na kuutoa. Una uzito wa kilo 50 hivi, watu watatu wanaubeba bila kuukwaruza.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: ukitoa ukuta, dari inabaki imeegemea upande mmoja. Usiiache hivyo hata kwa dakika tano. Mwambie mchomeleaji atengeneze nguzo mbili za skwea paipu ya mm 40 zenye mkono unaoingia chini ya dari, na nyayo za sentimita 80 zilizowekewa mifuko ya mchanga. Kuna wanaofunga dari kwa mnyororo kwenye kenchi. Kenchi nyepesi za godauni zimepigiwa hesabu ya bati, si ya dari yako, kwa hiyo nguzo ni salama zaidi.

Sakafu inua sentimita 20 juu ya zege, mbao za chini ziwe kila sentimita 40. Chini yake zinapita nyaya na taa za miguuni. Ila sakafu ya namna hiyo inalia kama ngoma, na mtazamaji akisikia ubao anajua ni ubao hata kama anaona chuma. Jaza mazulia chakavu kati ya mbao, na weka ukanda wa mpira kati ya plaiwudi na mbao kabla ya kupiga skrubu.

Kuhusu MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa): ya mm 9 inafika kilo 20 kwa shiti, karibu mara mbili ya plaiwudi ya mm 6, na kwa unyevu wa Dar ukingo wake unavimba ukigusa zege. Itumie kwa vipande vidogo vya juu. Chini, weka marine board, yaani plaiwudi inayohimili maji.

Na korido isiishie kwenye ukuta wa bapa. Pingili ya mwisho ikate uso wake kwa nyuzi 45 ili korido ionekane inakunja kona. Jicho likishaona kona, linaongeza lenyewe mita nyingine kumi.

---

Ampea Tano

Nachukua upande wa taa, kwa sababu kwenye seti ya namna hii taa nyingi zimo ndani ya ukuta na mwigizaji anaangazwa na chombo chenyewe. Zikikosewa, hakuna taa ya nje itakayozirekebisha.

Mistari minne inatosha: miwili kwenye kona za dari, miwili kwenye kona za sakafu. Korido ya mita 7.3 mara nne ni mita 29 za kanda za LED. Nunua za volti 24, usinunue za volti 12. Kanda ya wati 14.4 kwa mita, mita 5, inavuta ampea 6 kwenye volti 12 na ampea 3 tu kwenye volti 24. Ampea zikiwa nyingi volti inashuka njiani, mwisho wa kanda unakuwa hafifu na wa njano, na kamera inaliona hilo kabla ya jicho. Hata kwa volti 24, kila mita 5 ipate waya wake wa mm 2.5 kutoka kwenye pawasaplai, na fyuzi yake ya ampea 5. Usiunganishe kanda ya pili mkiani mwa ya kwanza.

Jumla ni wati 418. Chukua pawasaplai mbili za wati 350 na uzigawie nusu kwa nusu, zitafanya kazi kwa asilimia 60 na hazitachemka. Zina feni ndani, na feni hiyo inasikika kwenye maikrofoni, kwa hiyo zikae mbali na korido, mahali penye hewa, mbali na vumbi la msumeno.

Kanda ibandikwe kwenye mfereji wa alumini. Wati 14 kwa mita zinatoa joto la kutosha kuachisha gundi ya nyuma, na kwenye godauni la bati saa nane mchana mkanda utaning'inia katikati ya shoti. Mbele yake weka perspeksi (plastiki ngumu mfano wa kioo) nyeupe ya maziwa ya mm 3. Kanda yenye LED 60 kwa mita ina nafasi ya mm 17 kati ya taa na taa. Perspeksi ikikaa chini ya mm 30 kutoka kwenye kanda utaona nukta nukta, ikikaa mm 40 hadi 50 unapata mstari laini. Kwa hiyo mwambie seremala aache kina hicho nyuma ya ukuta tangu mwanzo. Baada ya kupaka rangi hakuna nafasi ya kukichonga.

Michirizi ina vyanzo viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni taa za tyubu za godauni zinazokula umeme wa hertzi 50: zizimeni, au piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50. Ukipiga fremu 24, weka shata nyuzi 172.8, ambayo ni ile ile 1/50. Cha pili ni dima (kifaa cha kupunguza mwanga) ya bei rahisi. Haipunguzi umeme, inawasha na kuzima taa haraka sana, na kamera inanasa ile kuzima. Tumia dima ya hertzi elfu kadhaa, au achana na dima kabisa: washa taa kwa nguvu zote na upunguze mwanga kwa karatasi za kijivu za taa nyuma ya perspeksi. Kabla ya kubandika kanda hata moja, iwashe mezani, piga video kwa shata 1/50, 1/100 na 1/200, kisha itazame kwenye skrini kubwa.

Nunua roli zote siku moja, zenye namba moja ya uzalishaji, CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi) 95 kwenda juu. Roli mbili zilizoandikwa 4000K (kipimo cha rangi ya mwanga) kutoka mizigo tofauti zinaweza kutofautiana, moja ikaelekea kijani, na ngozi nyeusi chini ya kijani inaonekana ya mgonjwa. Mstari mwekundu wa hali ya hatari uwe na waya wake peke yake, uwashwe wakati mweupe umezimwa.

---

Rangi Kavu

Silva ndiyo iliyowaharibia jaribio. Rangi ya silva inayong'aa inaonyesha kila wimbi la plaiwudi, kila kichwa cha skrubu kilichozama vibaya, na inarudisha sura ya kamera. Chuma cha chomboni kimepakwa rangi, kwa hiyo mnachoiga ni chuma kilichopakwa rangi.

Kwanza funika plaiwudi. Kata hadibodi ya mm 3 kwenye maumbo makubwa, yenye kona zilizokatwa, ugundishe juu ya ukuta kwa gundi ya kontakti ukiacha mfereji wa mm 5 kati ya kipande na kipande. Shiti 10 zinatosha korido yote, maana hufuniki kila mahali. Tengeneza violezo vitatu au vinne tu na uvirudie: pingili ya kwanza na ya tatu zikiwa na paneli zile zile, jicho linasadiki zimetoka kiwandani. Kila fundi akikata la kwake, inakuwa banda. Gundi ya moto ya bunduki msiitumie kushika kitu chochote karibu na taa, inalainika na kitu kinadondoka.

Uso wa kupaka ni kama mita za mraba 42. Praima koti moja, msasa namba 180, halafu koti mbili za rangi ya maji ya silki, lita 10 zinatosha. Chagua kijivu cha kati. Nyeupe tupu inaungua kwenye kamera kabla mwigizaji hajapata mwanga wa kutosha. Kisha chukua kijivu hicho hicho, ongeza tone la bluu kwenye kopo moja na tone la kahawia kwenye jingine, upake paneli chache hapa na pale. Tofauti iwe ndogo kiasi cha kumfanya mtu asite kusema kama ipo.

Halafu uchakavu. Changanya rangi nyeusi yenye kahawia sehemu moja na maji sehemu kumi, tone la sabuni ya vyombo. Paka paneli moja, subiri nusu dakika, futa kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini. Uchafu unabaki kwenye mifereji na kuzunguka skrubu, na michirizi inafuata njia ambayo maji yangepita. Mwisho chovya brashi ngumu kwenye silva, ikaushe kwenye gazeti mpaka ikaribie kuisha, upitishe kwenye kingo tu: kingo za mlango kimo cha mkono, sentimita 90 hadi 120, na chini kabisa sentimita 20 ambako viatu vinagonga. Simama kwenye kona ya mlango uishike kama mtu anayepita haraka. Pale vidole vinne vilipotua ndipo rangi inapoisha, na upande wa pili ni kidole gumba tu. Alama hizo tano zina kazi kuliko mita tatu za mabomba. Fanya haya yote chini ya taa za seti yenyewe huku mtu akiangalia kwenye kamera, si nje juani.

Vikorokoro sasa. Kutumia chuma chakavu si umaskini. Roger Christian, mpambaji wa seti, alijaza seti za filamu za Star Wars (1977) na Alien (1979) kwa mabaki ya ndege yaliyonunuliwa kwa uzito. Mtaa wa Gerezani hapa Dar mtapata mifuniko ya gia, mapezi ya kupozea, vichungi vya hewa vya malori, printa mbovu za kufungua. Sharti ni kwamba kila bomba litoke mahali na liingie mahali. Bomba linaloishia hewani linaua ukuta mzima. Panga kwa saizi tatu: kubwa moja, za kati mbili tatu, ndogo zimejikusanya pembeni, halafu acha theluthi nzima ya ukuta tupu. Na muwe waangalifu na vitu ambavyo kila mtu hapa anavifahamu. Dumu la lita 20 hata ulipake nini ni dumu. Likate, tumia kitako chake tu, ukigeuze.

Mabomba ya PVC piga msasa namba 120 mpaka yapoteze mng'ao, kisha praima, la sivyo rangi inabanduka kwa ukucha siku ya pili. Styrofoam msiipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, inaliwa na kuyeyuka.

Maandishi kwenye paneli andikeni Kiswahili: VUTA, KIFUNGUO CHA HEWA, USIFUNGUE BILA KUSAWAZISHA KANIENEO. Fonti moja chombo kizima, namba zinazofuatana kutoka pingili hadi pingili, stika za vinili za kukatwa kwa mashine. Chombo kinapata wenyewe.

---

Kibatari

Wakuu, shukrani sana. Vipimo vya pingili tayari viko kwa seremala. Naomba sasa mlango. Tulifikiria mota ya geti, lakini ni polepole mno. Na je, dirisha la chumba cha rubani tuweke nini nje?

---

Kapi

Achana na mota. Mtu mmoja nyuma ya ukuta na kamba anafungua kwa chini ya sekunde moja, na anaweza kumfuata mwigizaji. Mota haiwezi.

Uwazi uwe sentimita 90 kwa 195. Mabawa mawili ya sentimita 48 kila moja, fremu ya skwea paipu ya mm 25, hadibodi pande zote mbili. Kila bawa linafika kilo 12. Yaning'inize juu kwenye reli yenye magurudumu ya beringi, urefu wa reli mita 2.2. Kwenye kila mwisho wa reli funga kapi, upitishe waya wa chuma wa mm 3 ukizunguka makapi yote mawili na kurudi ulikoanza, kama kamba ya kuanikia isiyo na mwisho. Bawa la kushoto lifunge kwenye waya wa juu, la kulia kwenye waya wa chini. Ukivuta waya upande mmoja, mabawa yanaachana kwa pamoja na kwa kasi moja. Kamba ya nailoni inanyumbuka, bawa moja linachelewa. Ndiyo maana waya, tena wenye kikazio katikati.

Matatizo matatu yatakuja. Bawa litapepea chini kama pazia: chimba mfereji mwembamba sakafuni na uweke kigingi cha mti mgumu chini ya bawa, ulainishe kwa mshumaa, si grisi, maana grisi inakusanya vumbi na kuchafua mavazi. Mabawa yakifungwa yatagongana na kurudi sentimita mbili: weka sumaku za milango ya kabati, mbili juu, mbili chini. Na ukuta wote utatikisika mlango ukigonga. Hili ndilo linalofichua seti kuliko yote. Fremu ya mlango isimame kwa miguu yake yenyewe, iachane na korido kwa sentimita 1, pengo ulizibe kwa ukanda wa mpira. Kwenye vituo vya mwisho bandika mpira wa malapa.

Dirisha: kitambaa cheusi kizito mita 2 nyuma, basi. Ukipima mwanga kwa ajili ya sura ya mtu aliye ndani, nyota hazionekani, na picha za Apollo mwezini zina anga jeusi tupu kwa sababu hiyo hiyo. Mkitaka sayari ipite, iangazeni kwa projekta kwenye skrini nje ya dirisha. Kwenye filamu ya Interstellar (2014) walifanya hivyo kwa projekta kubwa, na faida yake ni kwamba mwanga wa nje unagusa uso wa rubani kweli. Perspeksi ya dirisha iinamishe nyuzi 5 hadi 10 kwenda chini, au iondoe kabisa, la sivyo kamera itajiona.

Dashibodi: swichi za kubonyeza za paneli za umeme za kiwandani zinaingia tundu la mm 22, basi toboa plaiwudi yote kwa saizi hiyo. Vioo vya data chapisha kwenye filamu ya mabango ya mwanga, uweke nyuma ya perspeksi na kanda ya LED. Skrini halisi mbili zinatosha, mwanga wake upunguzwe mpaka theluthi.

---

Ampea Tano

Niongeze moja ambalo halijatajwa. Mlango ukifungwa, chumba cha rubani kinakuwa pango lisilo na njia ya pili, limezungukwa na mbao kavu, hadibodi na nyaya. Kata njia ya kutokea ubavuni mwa chumba, sentimita 70 kwa upana, ifungwe kwa sumaku tu ili isukumike kwa bega. Mitungi miwili ya kuzimia moto ya unga wa ABC (unaofaa mbao na umeme), mmoja kila mwisho. Sponji la godoro msilibandike ukutani hata kama linafanana na paneli nzuri, moshi wake unaua haraka kuliko moto. Pengo la sentimita 10 kati ya dari na kuta liacheni wazi pale kamera isipofika, hewa ya moto itoke. Mwigizaji aliyevaa suti nzito chini ya bati hamalizi shoti ya tatu bila hilo.

Na kama ratiba inaangukia masika, rekodini mazungumzo mapema asubuhi au baadaye studio. Mvua juu ya bati tupu hakuna maikrofoni inayoishinda.